Mayai Mia na Themanini na Punje Moja ya Kioo

Hebu mwone anavyokuja. Baiskeli nyeusi, ya zamani kuliko wengi wetu pale sokoni, kengele inalia hata mahali pasipo mtu wa kupisha. Nyuma, kwenye keria, kuna kitu kimefunikwa shali ya kike ya rangi ya zafarani na kufungwa kamba mara nne, kama bibi harusi anayeshukiwa kutaka kutoroka. Anayeendesha ni mzee wa miaka sitini na mitatu, ndevu nyekundu za hina, kizibao kimetuna kwa bisibisi na koleo. Katika mfuko wa juu wa kizibao hicho mna kibweta cha miwani kilicholetwa na mwanawe Wajid kutoka Sharjah, na tangu kiletwe hakijafunguliwa hata siku moja. Kimekaa pale kama nishani.

"Ustad! Umemwiba binti wa nani?" muuza jalebi, vile vitamu vya shira, alimpigia kelele.

"Huyu haibwi, anakwenda mwenyewe! Mayai mia na themanini yanamsubiri!"

Akapita. Huyo ndiye Ustad Sharafat, mtengeneza stabilaiza wa soko letu la Chiniot, na kilichokuwa chini ya shali ni stabilaiza, lile kasha linalokaa kati ya tundu la umeme ukutani na kitu chako unachokipenda. Mji wetu ni wa maseremala, kwa hiyo makasha yake yalikuwa ya mbao na yamechongwa maua pembeni. Kasha la bati huku kwetu hakuna mwanamke atakayekubali likae sebuleni.

Umeme wetu ulikuwa na tabia zake. Kwenye vitabu ulikuwa volti mia mbili na ishirini, na huko vitabuni ndiko ulikotulia. Jioni za Ramadhani ndizo zilikuwa mbaya kupita zote, na mwaka ule Ramadhani iliangukia kwenye baridi ya Januari. Nusu saa kabla ya kufuturu kila nyumba ilikuwa imewasha mota ya kuvuta maji na hita ya kupashia miguu joto. Volti zinateremka mpaka mia na sitini, balbu zinageuka rangi ya chungwa bovu. Kisha magharibi inaadhiniwa, watu wanakaa kula, mota zinazimwa zote kwa mara moja, na umeme unaruka juu kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Hapo ndipo friji za watu zilipokuwa zikifia.

Ustad alikuwa na desturi moja, na sisi wenye maduka jirani tuliijua kama tunavyojua saa ya swala. Hakuna kasha lililotoka dukani kwake kabla ya kukaa mlangoni jioni moja. Alikuwa akiliweka kizingitini, juu yake balbu inawaka, tangu alasiri hadi isha. Umeme ukishuka, ndani ya kasha kunalia tak!, na balbu inabaki na nuru ileile. Ukipanda, tak! tena. Mimi duka langu la vifungo na utepe linatazamana na lake, na nimehesabu tak hizo miaka na miaka. Balbu ikikonyeza tulikuwa tunamzomea, naye analirudisha kasha ndani kwa aibu, kama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni.

Lakini nusu ya kazi haikufanyika dukani. Ilifanyika jikoni kwake, na mkewe.

Vipuri Ustad alivinunua kwa kilo, vimeng'olewa kwenye redio na televisheni mbovu, vimechanganyika kama takataka za sherehe. Mama Wajid alikuwa akivimwaga kwenye sinia lilelile la kuchambulia dengu, anakaa karibu na jiko, kuku wake anayelalia mayai yuko kapuni ubavuni mwake, na vidole vinakwenda. Rezista huku, kapasita kule. Vile vipunje vidogo vya kioo chekundu vyenye pete nyeusi shingoni ndivyo vilivyotaka jicho, kwa sababu viko vya aina mbili na kwa sura ni mapacha. Vya kawaida alivitia kwenye sahani yenye maua ya buluu. Zile zinazoitwa zena alizitia kwenye sahani yenye ufa. Kila kimoja alisoma herufi zake, ndogo kama nyayo za sisimizi, kisha akakipima kwa betri. Miaka thelathini na mitano hiyo, na hajawahi kukosea sahani.

Mwezi ule, siku chache kabla ya mambo haya, binti yao aliyeolewa Jhang akajifungua, na Mama Wajid akapanda basi kwenda kumtazama mjukuu. Kuku akaachiwa jirani ampe maji. Ustad akaachiwa dengu, achemshe mwenyewe.

Na mayai? Mayai yalikuwa ya Apa Shaista. Apa, yaani dada mkubwa. Mji mzima ulimwita hivyo, maana alikuwa amefundisha hesabu katika shule ya msingi hadi alipostaafu, na hata mimi aliwahi kunivuta sikio kwa ajili ya jedwali la saba. Hakuolewa. Aliishi peke yake katika nyumba ya baba yake, ukuta mmoja na wangu. Mdogo wake, Tanvir, mkaguzi wa vitambaa kiwandani Faisalabad, alikuwa anataka kumchukua akakae naye, chumba cha juu, madirisha yanatazama ukuta wa jirani.

"Apa, utafanya nini pale peke yako?" alikuwa akimwuliza.

"Nitafuga kuku," Apa alijibu siku moja, kwa hasira tu. Kisha akaona ni wazo zuri.

Akatengenezewa mashine ya kuangulia, sanduku kubwa lenye balbu nne za kutoa joto na kipimajoto mlangoni. Akapanga mayai mia na themanini. Tanvir akacheka, halafu akaweka sharti, kwa sababu alikuwa mtu wa masharti: "Yakianguliwa nusu, sitakugusa tena. Yasipofika nusu, unafunga nyumba unakuja." Wakapeana mikono mbele ya majirani. Nusu ni tisini. Apa hakuhitaji kuambiwa.

Siku ya sita stabilaiza yake ya zamani ikaungua na kutoa moshi. Ndiyo maana Ustad alikuwa akikanyaga baiskeli namna ile. Mayai hayangojei. Na katika Ramadhani duka lilifungwa alasiri, kwa hiyo kwa mara ya kwanza katika maisha yake Ustad Sharafat alikuwa anapeleka kasha ambalo halijakaa mlangoni.

Niliitwa nimshikie taa. Apa akasimama juu yetu, mikono nyuma, kama anasimamia mtihani.

"Humu ndani kuna nini, Ustad? Nisije nikaulizwa nikakosa jibu."

Ustad alipenda sana kuulizwa. Akafungua kifuniko. "Humu kuna watumishi wawili, Apa. Wa kwanza ni huyu, punje ya kioo yenye pete nyeusi. Anaitwa zena, mimi namwita Mkaidi. Umpe volti tisa, umpe kumi na tano, yeye atashika sita. Zinazozidi anaziachia zipite. Hapandi, hashuki, habembelezwi."

"Namjua mtu kama huyo. Na huyu mwenye miguu minane?"

"Opampu. Huyu ni Karani. Jicho moja linamtazama Mkaidi, jicho la pili linatazama kipande kidogo cha umeme wa ukutani, nimemkatia mwenyewe. Kazi yake ni kulinganisha basi. Umeme ukiwa mdogo kuliko Mkaidi anapiga ukelele, ile swichi pale inaruka, tak!, na transfoma inaongeza. Ukiwa mkubwa anapiga tena, inapunguza."

"Kwa hiyo Karani mwenyewe hajui umeme ni kiasi gani?"

"Hajui lolote. Anajua tu nani mkubwa, nani mdogo."

"Kama wakaguzi wote wa shule niliowahi kuwaona," Apa akasema. "Na Mkaidi akidanganya?"

"Apa!" Ustad aliweka mkono kifuani. "Karani anaweza kusinzia. Swichi inaweza kukwama. Mkaidi hadanganyi."

Akazungusha kijiskurubu kwa bisibisi mpaka tak! ikalia, akakirudisha kidogo, tak! tena. Balbu nne zikawaka vizuri. Akaenda zake kufuturu huku anapiga kengele.

Jioni hiyohiyo mota zikaanza kunguruma mtaani. Nilikuwa na tende mkononi niliposikia Apa anagonga ukuta. Nikaenda. Balbu zake zilikuwa rangi ya chungwa bovu kama zetu sote. Kasha lilikuwa kimya, maua yake mazuri pembeni. Kipimajoto, kilichotakiwa kusoma thelathini na saba na nusu, kilikuwa thelathini na nne. Tukafunika sanduku kwa mablanketi, tukaingiza chupa za maji ya moto. Apa alikuwa anahesabu moyoni, nilijua, maana midomo ilikuwa inacheza.

Asubuhi alisimama mbele ya duka la Ustad kabla kufuli halijafunguliwa.

"Ustad. Karani wako amefunga saumu, lakini nadhani amezidisha. Hafanyi kazi kabisa."

"Haiwezekani, Apa."

"Nilikuwa nikiwaambia watoto, haiwezekani si jibu. Nionyeshe kazi."

Akaenda, akabadilisha swichi. Jioni, kimya. Siku ya pili akabadilisha Karani mwenyewe, akatia mpya. Jioni, kimya, na umeme uliporuka baada ya adhana balbu moja ikapasuka kwa mlio, naye Apa akaruka. Siku ya tatu Ustad alikaa akalitazama kasha kwa muda mrefu, kisha akasema anadhani seremala amechonga maua mengi mno, yanazuia hewa.

"Hewa," Apa akasema.

"Inawezekana, Apa."

"Ustad, mayai yangu yamepata baridi jioni tatu. Tanvir amenunua godoro jipya la kile chumba cha juu. Ameniandikia barua kunieleza rangi yake."

Sokoni tulianza kunong'ona. Muuza jalebi alisema mzee amekwisha, akasema kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika. Ustad alisikia. Siku hiyo alipita bila kupiga kengele.

Mchana wa siku ya nne Mama Wajid akashuka kwenye basi. Aliingia jikoni, akamwangalia kuku wake, akaangalia sahani zake. Mimi nilikuwa uani kwao nimeleta utepe aliouagiza kwa nguo za mjukuu, na nikasikia yote.

"Baba Wajid. Nani amechambua vipuri vyangu?"

"Mimi. Kwani nimevila?"

"Kwa miwani?"

"Kwa macho. Mungu amenipa mawili."

"Amekupa, hajakudhamini." Nikasikia sahani ikiburutwa. "Kwenye sahani yenye ufa kuna vipunje vitatu. Vyote si vya humu. Ulichokitoa humu umekipeleka wapi, mimi sijui."

"Mama Wajid, usianze. Mkaidi mimi namjua hata gizani."

"Umempima?"

"Mkaidi hapimwi! Mkaidi ndiye anayepimia wengine!"

"Ndiyo hivyo," akasema mkewe. "Hakuna anayempima. Vaa viatu."

Walikwenda kwa miguu, yeye mbele na sinia kwapani, Ustad nyuma anasukuma baiskeli, mimi nyuma yao, maana hakuna mtu mwenye akili ambaye angebaki dukani. Tukafika kwa Apa ikiwa imebaki kama nusu saa kabla ya kufuturu. Jikoni bajia zilikuwa tayari zinakaangwa juu ya makaa, na harufu ile ukiwa umefunga ni mtihani peke yake.

Mama Wajid alifungua kasha, akaweka ncha za mita juu ya kipunje cha kioo, akamkabidhi Apa. "Apa, wewe una macho ya shule. Soma mshale."

"Sasa hivi? Kumi na mbili."

"Inatakiwa sita," Mama Wajid akasema.

"Mita mbovu," Ustad akasema.

Nje, mota ya kwanza ikaanza kunguruma. Kisha ya pili. Kisha mtaa mzima.

"Kumi na moja," Apa akasoma. "Kumi na nusu. Kumi. Tisa na nusu... Ustad, Mkaidi wako anateremka."

Mama Wajid akahamisha ncha kwenye jicho la pili la Karani, lile linalotazama umeme wa ukutani. Nalo lilikuwa linateremka, hatua kwa hatua, sawasawa na lile la kwanza.

"Wanashuka wameshikana mikono," Apa akasema, "kama watoto wa darasa la kwanza wanaovushwa barabara. Maskini Karani. Kila akitazama, wote wana kimo kimoja. Atapiga ukelele wa nini?"

Nikamtazama Ustad. Alikuwa ameshika bisibisi yake ndogo, anaizungusha vidoleni. "Kile kijiskurubu," akasema polepole, "kilizunguka sana siku ile. Kwa kawaida nusu duara. Siku ile nilikizungusha mpaka mwisho ndipo tak ikalia. Nikasema labda kimelegea." Akaitazama bisibisi. "Tak yenyewe niliisikia kwa kuzungusha skurubu. Sikungoja umeme ushuke. Laiti kasha lingekaa mlangoni jioni moja tu."

Wala hakusema habari ya macho. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa juu wa kizibao, akatoa kibweta, akakifungua. Kilitoa mlio wa kitu kipya. Akaivaa ile miwani, kwanza akatazama kipunje cha kioo ndani ya kasha, akakitazama sana. Kisha akainua uso, akamtazama mkewe.

"Mama Wajid. Lini umeota mvi?"

"Mwaka ule uliokataa kuvaa miwani."

Apa alicheka kwanza. Tukacheka wote, na Ustad naye, mpaka machozi yakatia ukungu kwenye vioo vipya. Lakini kipimajoto kilikuwa thelathini na tano na kinaendelea kushuka, kwa hiyo kicheko kikakatika chenyewe.

Mama Wajid alifungua fundo kwenye pindo la mtandio wake, akatoa zena tatu alizozipima nyumbani. Ustad akachomeka chuma chake cha kulehemu ukutani. Tukangoja. Akagusa nacho risasi ya kuunganishia waya, haikuyeyuka. Tukangoja tena. Umeme ulikuwa mdogo kiasi kwamba hata chuma cha kutengenezea umeme mdogo hakikupata moto.

"Hii sasa ni dharau," akasema.

"Lete hapa," Apa akamwambia, akasogeza karai la bajia, akakichukua chuma na kuichomeka ncha yake kwenye makaa. Kikatoka chekundu. Ustad akapiga magoti, akang'oa kile kipunje cha uongo, akatia Mkaidi wa kweli, mikono yake imara kama ya kijana. Ilibidi arudi kwenye makaa mara mbili, na mara ya pili chuma kilirudi na kipande cha kitunguu. Akarudisha skurubu mahali pake pa nusu duara.

"Soma, Apa."

"Sita."

"Mota zinanguruma?"

"Zinanguruma. Sita."

Tak!

Balbu nne zikang'aa, nyeupe, na uso wa Apa ukaonekana wote. Hapohapo adhana ikaanza. Ustad alikuwa bado yuko magotini. Mama Wajid akamtia tende mdomoni kama mtoto. Tulikula bajia tumesimama, masikio yote kwenye kasha. Mota zikazimwa mtaani, moja, tatu, zote, umeme ukaruka, na kasha likasema tak! kwa utulivu, na balbu hazikutikisika. Kesho yake muuza jalebi alipomwona Ustad na miwani alimwita Profesa, na Ustad akampigia kengele ndefu kupita zote.

Basi, siku zikaenda. Kila jioni nilisikia tak kupitia ukutani, nikawa nafungulia saumu nayo. Apa aliyamulika mayai kwa tochi, mengine yalikuwa na uhai ndani, mengine yalikuwa yamekufa katika zile jioni za baridi. Ngapi na ngapi, hakuniambia.

Siku ya ishirini na moja, Ijumaa, Tanvir alifika alasiri kwa gari la kuazima, viti vya nyuma vimeachwa wazi kwa ajili ya mizigo. Mashine ilikuwa imejaa kelele. Vifaranga wa manjano kama wamepakwa bizari, wanakanyagana. Wengine walikuwa wametoka Alhamisi, wengine asubuhi ile. Mayai yaliyobaki yalikuwa kimya tangu adhuhuri.

Tanvir alikunja mikono ya shati. Alihesabu kama anavyohesabu vitambaa, bila haraka, kila kifaranga anahamishwa kutoka boksi hili kwenda lile.

"Themanini na tisa," akasema.

"Rudia," Apa akasema.

Akarudia. Themanini na tisa. Hakufurahi, nasema haki yake. Alisimama pale, mikono imejaa manyoya ya vifaranga, anatazama chini. Apa alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo, akaivaa, akaivua tena. Ustad Sharafat alikuwa amekaa pembeni ya kasha lake, mkono juu ya mbao, kama anashika bega la rafiki.

Ndipo Mama Wajid akaingia kutoka uani, sinia lake la dengu kwapani, mtandio umemfunika mpaka kiunoni kwa baridi.

"Mmehesabu?"

"Themanini na tisa, shangazi," Tanvir akasema. "Mara mbili."

"Wewe unahesabu vitambaa, mwanangu, vitambaa havikimbii. Nipishe. Mimi nimehesabu vitu vidogo maisha yangu yote."

Akakaa chini, akaweka sinia mapajani, akatandaza mtandio juu ya boksi wasipate baridi, eti, na akaanza. Vidole vilikwenda kama jikoni kwake. Kumi. Ishirini. Sinia likijaa anawamimina boksi la pili, anaendelea. Nje mota zilianza kunguruma, na ndani ya kasha, tak!

"Themanini na nane," akasema. "Themanini na tisa." Akaingiza mkono chini ya mtandio, akautoa. "Na huyu. Tisini."

Kiganjani mwake alikuwa amesimama kifaranga, mkavu kabisa, ana nguvu za miguu kama wa siku mbili tatu. Wa manjano, ila shingoni alikuwa na pete nyeusi, safi, kama imechorwa. Katika wale themanini na tisa hakuna aliyekuwa na pete.

Tanvir alimtazama kifaranga. Akamtazama Mama Wajid, ambaye alikuwa anakung'uta sinia. Kisha akamgeukia Ustad.

"Ustad, nasikia sasa unaona vizuri. Hawa ni tisini?"

Ustad alisukuma miwani juu ya pua. Alimtazama kifaranga yule kwa makini, pande zote, kama anavyotazama kipuri siku hizi. Adhana ikaanza. "Mvuke wa bajia," akasema hatimaye, "umeniingia kwenye vioo. Kwa pete tu, naweza kuapa ni Mkaidi."

Tanvir alicheka kupitia puani, akachukua tende, akampa dada yake ya kwanza. "Lile godoro," akasema, "nitalitumia mimi."

Apa Shaista bado ni jirani yangu. Kasha lenye maua bado linasema tak kila jioni, na kuku wenye pete nyeusi shingoni wamejaa uani kwake, wakaidi ajabu, hawafukuziki. Mimi mwenyewe Jumatano ya wiki ile nilikuwa nimepita uani kwa Ustad, nikaona kuku wa Mama Wajid ametoka kapuni na watoto saba. Jumamosi nilipopita tena walikuwa sita. Sikumwuliza mtu. Lakini wewe uliyesoma mpaka hapa kwa macho yako mazima, kama jioni ile Tanvir angekugeukia wewe, ungemwambia ni wangapi?